Kioo kinywani: uchambuzi wa utafiti wa afya ya meno ya watu wazima Uingereza, 2009

Machi 2011 ilitoka ripoti ya utafiti wa afya ya meno ya watu wazima uliofanywa mwaka 2009 katika England, Wales na Ireland ya Kaskazini, na takwimu iliyonukuliwa kuliko nyingine zote ilikuwa kwamba asilimia 6 tu ya watu wazima hawakuwa na jino hata moja la asili. Ikisimama peke yake, takwimu hiyo haisemi mengi. Uzito wake unatokana na kwamba swali hilohilo liliulizwa kwa mara ya kwanza mwaka 1968, katika England na Wales, na jibu likawa asilimia 37. Yaani zaidi ya mtu mzima mmoja katika kila watatu alikuwa kibogoyo.

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha utafiti huo wa 2009, ambao ulikuwa wa tano katika mfululizo uliorudiwa kila baada ya muongo mmoja hivi. Unastahili kuchambuliwa kwa kuwa ulikumbana waziwazi na tatizo ambalo kila nchi inayopima afya ya kinywa ya watu wake italifikia kwa wakati wake: kipimo kilichobuniwa kwa ajili ya maradhi ya kizazi kimoja huanza kupoteza kazi kizazi hicho kinapopita, na hata hivyo hakiwezi kuachwa, kwa sababu ndicho pekee kinachounganisha hali ya sasa na ile ya zamani. Waliouandaa walilazimika kupima vitu vipya bila kuukata uzi wa kulinganisha, na waliweza kufanya hivyo, kwa maoni yangu, kwa sababu moja kuu: hawakuridhika na maneno ya watu kuhusu meno yao, bali walimpeleka daktari wa meno hadi sebuleni mwao akayaangalie.

Ni vyema kwanza kueleza kwa nini watafiti wa 1968 walianza na vibogoyo. Uingereza ya nusu ya kwanza ya karne ya ishirini ilikuwa nchi ya kung'oa meno. Mwaka 1900 tabibu William Hunter, aliyefanya kazi London, alianza kueneza hoja kwamba uchafu na usaha wa kinywani ni chanzo cha maradhi mengi ya mwili, na katika miongo iliyofuata madaktari wengi walikubali kwamba kuyaondoa meno mabovu yote, na wakati mwingine hata mazima, ni kinga na tiba kwa pamoja. Kwa familia ya kipato cha chini hoja hiyo iliungana na hesabu ya fedha, kwa kuwa kung'oa kulikuwa rahisi kuliko kuziba, na seti ya meno ya bandia ilionekana kuwa mwisho wa maumivu na wa gharama. Simulizi za mabinti waliong'olewa meno yote kabla ya harusi, ili mume asije akabebeshwa mzigo huo baadaye, zimebaki katika kumbukumbu za familia nyingi za huko. Huduma ya Taifa ya Afya, yaani NHS, ilipoanza Julai 5, 1948, ilitoa matibabu ya meno na meno ya bandia bila malipo, na waliojitokeza walikuwa wengi kiasi kwamba mwaka 1951 serikali iliamua kutoza malipo ya meno ya bandia na miwani. Aneurin Bevan, ambaye ndiye aliyeiasisi huduma hiyo akiwa waziri wa afya, alijiuzulu serikalini kwa sababu ya tozo hizo. Si nchi nyingi ambazo meno ya bandia yamewahi kumtoa waziri madarakani.

Katika jamii ya namna hiyo, kuhesabu vibogoyo kulikuwa kupima jambo lenyewe, maana mtu aliyepoteza meno yote alikuwa amefika mwisho wa safari ya ugonjwa na ya tiba kwa wakati mmoja. Kipimo hicho kilikuwa na faida nyingine ya kiutendaji: kila mtu anajua kama amebakiwa na jino au hana, kwa hiyo jibu la mdomo linatosha na daktari hahitajiki. Mwaka 1978 utafiti ulipanuliwa ukaifikia Uingereza nzima pamoja na Uskoti na Ireland ya Kaskazini, na idadi ya vibogoyo ikawa asilimia 30. Mwaka 1988 ikashuka hadi 21, na mwaka 1998 hadi 13.

Hapa pana mtego unaowanasa hata waandishi makini. Mfuatano wa 37, 30, 21, 13 na 6 unasomeka vizuri sana, na ndivyo unavyonukuliwa mara nyingi, lakini tarakimu hizo hazitoki katika nchi moja. Ya kwanza ni ya England na Wales. Tatu zinazofuata ni za Uingereza yote. Ya mwisho haina Uskoti, ambayo haikushiriki mwaka 2009. Uskoti haikuwa mshirika wa kupuuzwa katika hesabu hii, kwa sababu ilipofanyiwa utafiti wake yenyewe mwaka 1972 ilionekana kuwa na vibogoyo asilimia 44, kiwango kilichozidi kile cha majirani zake wa kusini. Kuitoa katika hesabu ya mwisho kunaufanya mteremko uonekane mkali zaidi kuliko ulivyokuwa. Njia ya haki ni kuichukua England peke yake, ambayo ilikuwa na asilimia 28 mwaka 1978, 12 mwaka 1998 na 6 mwaka 2009. Mteremko bado ni mkubwa na hitimisho halibadiliki, ila mchambuzi wa takwimu hasamehewi kosa la mpangilio kwa sababu tu matokeo yalimwendea vizuri.

Jinsi sampuli ya 2009 ilivyojengwa inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa maana humo ndimo maamuzi mengi yalimofichwa. Zilichaguliwa kaya 13,400. England wakati huo ilikuwa imegawanywa katika kanda kumi za mamlaka za afya, na kila kanda ilipewa kaya 1,150 bila kujali ukubwa wa watu wake. Wales ikapewa 1,150 pia, na Ireland ya Kaskazini 750. Kaya hizo hazikutawanywa ovyo nchini. Zilikusanywa katika vishada 268, kila kishada kikiundwa na maeneo mawili ya misimbo ya posta, na kila eneo likitoa anwani 25. Sababu ya vishada inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kupanga kazi ya uwandani: mdadisi anaweza kusafiri peke yake kwa basi, lakini daktari wa meno aliyeazimwa kutoka zahanati za umma ana siku chache tu za kutoa, na siku hizo zisipotee barabarani. Gharama yake ya kitakwimu ni kwamba majirani hufanana, wakinywa maji yaleyale na kwenda kwa madaktari walewale, kwa hiyo watu mia moja wa vishada viwili hawaleti taarifa nyingi kama watu mia moja waliotoka sehemu mia moja.

Uamuzi wa kuzipa kanda zote kaya sawa ulikuwa wa kisiasa kuliko wa kihesabu, nami naona ulikuwa sahihi. Iwapo sampuli ingegawanywa kwa uwiano wa watu, takwimu ya taifa ingekuwa imara kidogo zaidi, lakini kanda zenye watu wachache zingebaki na wahojiwa wasiotosha kusema lolote la uhakika, na waliokuwa wakilipia huduma za meno katika ngazi ya kanda wasingeona sababu ya kuisoma ripoti. Ilibidi baadaye kila jibu lipewe uzani unaolingana na ukubwa wa kanda lilikotoka, kazi ambayo kompyuta huifanya kwa dakika chache.

Ofisi ya Takwimu ya Taifa ndiyo iliyoongoza kazi, ikishirikiana na asasi nyingine za takwimu na utafiti wa jamii pamoja na wataalamu wa meno kutoka vyuo vikuu, vikiwamo Newcastle, Birmingham, Cardiff, Dundee na University College London. Mdadisi alitangulia nyumbani na kumhoji kila mtu mwenye umri wa miaka 16 na zaidi katika kaya iliyokubali. Waliokuwa na jino la asili, hata moja, waliombwa ridhaa ya kuchunguzwa, na aliyekubali alitembelewa tena, safari hii mdadisi akiwa na daktari wa meno. Daktari alitaja alichokiona, mdadisi akakiingiza kwenye kompyuta. Vifaa vilikuwa taa, kioo na kijiti chenye alama cha kupimia kina cha mfuko kati ya jino na ufizi. Eksirei haikuwapo. Kabla ya ufizi kuguswa, mhojiwa aliulizwa maswali ya afya, kwa sababu kuna watu, hasa wenye matatizo fulani ya moyo, ambao kuchokonolewa ufizi kunaweza kuwaletea madhara.

Madaktari hao walifunzwa kwa pamoja na kulinganishwa kabla ya kwenda uwandani, na jambo hili halipaswi kuchukuliwa kama utaratibu wa kawaida tu. Madaktari wawili wenye uzoefu wakiangalia doa moja la kijivu juu ya gego, mmoja anaweza kusema limeoza na mwingine akasema liangaliwe kwanza, na wote wawili wakawa na sababu nzuri katika zahanati zao. Katika utafiti wa taifa tofauti hiyo ni sumu, kwa sababu daktari mmoja huchunguza eneo moja, na ukali au ulegevu wake hugeuka kuwa sifa ya eneo hilo. Kuwalinganisha kunawataka waache kwa muda busara yao ya tiba na kufuata kanuni iliyoandikwa, jambo ambalo madaktari wazuri huliona gumu kuliko madaktari wa kawaida.

Kutokana na kaya hizo, asilimia 60 zilishiriki. Watu 11,380 walihojiwa na watu wazima 6,469 wenye meno walichunguzwa, idadi iliyoufanya kuwa uchunguzi mkubwa kuliko wowote wa afya ya meno ya watu wazima uliokuwa umewahi kufanyika huko. Sifa hiyo ya ukubwa ni ya kweli, ila isifunike hesabu iliyo chini yake. Kaya sita katika kila kumi ziliitika, na ndani yake watu kama sita katika kila kumi waliostahili kuchunguzwa ndio waliofungua kinywa. Ukizidisha kwa makisio, matokeo ya kioo yanatoka kwa kitu kama theluthi moja ya wale waliolengwa mwanzoni. Swali la msingi basi ni iwapo theluthi hiyo inafanana na wengine. Hapa ndipo muundo wa hatua mbili ulipolipa. Kwa kuwa hata waliokataa daktari walikuwa wameshajibu dodoso, watafiti waliweza kuwalinganisha waliochunguzwa na wasiochunguzwa kwa umri, kwa mazoea ya kwenda kwa daktari wa meno na kwa hali waliyojieleza wenyewe, kisha kusawazisha tofauti kwa uzani. Wale waliofunga mlango tangu mwanzo wanabaki gizani, na hakuna uzani unaoweza kuwarudisha wote.

Sehemu ninayoiona kuwa na mafunzo mengi kuliko zote ni pale majibu ya dodoso yanapowekwa kando ya kile kilichoonekana kwa kioo. Asilimia 75 ya watu wazima wenye meno walisema wanapiga mswaki angalau mara mbili kwa siku, na asilimia 61 walisema hufika kwa daktari wa meno kwa uchunguzi wa mara kwa mara. Madaktari walipotazama, asilimia 66 ya waliochunguzwa walikuwa na utando unaoonekana kwa macho kwenye jino angalau moja, asilimia 68 walikuwa na ugaga, na ni asilimia 17 tu waliokuwa na ufizi wenye afya kamili. Asilimia 45 walikuwa na mahali ambapo mfuko wa ufizi ulifikia kina cha milimita 4 au zaidi, na asilimia 9 walifikia milimita 6.

Yapo maelezo mawili ya pengo hilo. La kwanza ni kwamba watu hujipendelea wanapojibu: mtu akiulizwa na mgeni mwenye heshima kama anapiga mswaki, jibu analijua kabla swali halijaisha. La pili ni kwamba wengi wanasema kweli, wanapiga mswaki asubuhi na usiku, lakini kwa haraka na bila kufika kwenye mpaka wa jino na ufizi ambako utando hukaa. Maelezo yote mawili yanaweza kuwa sahihi kwa mtu mmoja. Tofauti yake ina maana kubwa kwa anayepanga matumizi ya fedha za umma, kwa sababu la kwanza linadai kampeni ya kuhimiza, na la pili linadai mtu wa kumkalisha mgonjwa na kumwonyesha namna. Dodoso peke yake lingetoa picha ya taifa linalojitunza. Kioo peke yake kingetoa picha ya taifa la wavivu. Ni kuwa na vyote viwili kwa mtu yuleyule ndiko kunakoonyesha kwamba bidii ipo na matokeo hayapo.

Kuhusu meno kuoza, kioo kilileta habari njema. Asilimia 31 ya wenye meno walikuwa na jino lililooza hadi kufikia tabaka la ndani, ama juu ya jino ama kwenye mzizi. Kwa England, na kwa sehemu ya juu ya jino pekee, kiwango kilishuka kutoka asilimia 46 mwaka 1998 hadi 28 mwaka 2009. Sababu inayotajwa zaidi ni dawa ya meno yenye floridi, ambayo ilienea madukani huko katika miaka ya 1970, kiasi kwamba waliokuwa na umri wa miaka thelathini na kitu mwaka 2009 walikuwa wameikulia. Kuongeza floridi kwenye maji ya bomba kulianza Birmingham mwaka 1964, lakini kumebaki kwa sehemu ndogo ya nchi na hakuwezi kueleza mabadiliko ya taifa zima.

Asilimia 31 hiyo ni ya chini kuliko hali halisi, na watafiti walilijua hilo. Bila eksirei, kuoza kulikojificha kati ya meno mawili hakuonekani, na sebule si zahanati. Lakini kwa mfululizo wa aina hii, kosa linalojirudia kwa namna ileile kila muongo lina madhara madogo kuliko usahihi unaobadilika. Hata hivyo kanuni hazikubaki vilevile daima: mwaka 1998 iliongezwa hatua ya kuhesabu kuoza kunakoonekana kama kivuli chini ya uso wa jino ambao bado haujatoboka, kwa kuwa ugonjwa wenyewe ulikuwa umebadilika sura na kutoboka waziwazi kulikuwa kumepungua. Kwa hiyo anayelinganisha 1988 na 2009 moja kwa moja analinganisha kanuni mbili, na anayetaka kulinganisha kwa haki huishia 1998. Ningependa uamuzi huo ungefafanuliwa kwa sauti kubwa zaidi katika kila jedwali, badala ya kuachwa kwa wasomaji wa viambatisho.

Swali la vibogoyo, kwa upande wake, lilikuwa limekaribia kuishiwa kazi. Kipimo kinachosema asilimia 94 ya watu wako salama hakimwambii mpangaji chochote kuhusu hao asilimia 94. Ndiyo maana ripoti ya 2009 iliweka mbele kipimo cha kubakiwa na meno 21 au zaidi, idadi inayochukuliwa kuwa inatosha kwa mtu kula na kuishi vizuri bila kuhitaji ya bandia. Asilimia 86 ya wenye meno walifikia idadi hiyo, na wastani ulikuwa meno 25.7 kwa kila mtu. Hata hiki ni kipimo cha kuhesabu tu. Kinalipa gego zima na gego lililojazwa metali pande tatu alama sawa.

Hapo ndipo linapojitokeza kundi ambalo nadhani ndilo kiini cha kisa hiki. Jimmy Steele, profesa wa Newcastle aliyekuwa miongoni mwa watafiti wa mfululizo huu, na aliyeongoza tathmini huru ya huduma za meno za NHS iliyotolewa Juni 2009, alilieleza kundi hilo kama kizazi cha metali nzito: watu waliokua baada ya vita, sukari ikiwa imerudi mezani na mgao wake kumalizika mwaka 1953, dawa ya meno yenye floridi ikiwa bado haijafika, na daktari akilipwa kwa kila jino alilolitoboa na kuliziba. Wazazi wao walikuwa vibogoyo. Wao waliyahifadhi meno, lakini yakiwa yamejaa viraka. Kwenye jedwali la vibogoyo kizazi hicho ni ushindi mtupu. Kwenye kiti cha daktari ni deni la muda mrefu, kwa sababu kila kiraka kina umri wake, na kinapobomoka hutoka na kipande cha jino, kikabadilishwa kwa kikubwa zaidi, kisha kwa taji, kisha mzizi ukatibiwa. Utafiti uliweza kulionyesha kundi hilo kwa kuwa haukuhesabu meno tu, bali ulirekodi hali ya kila uso wa kila jino. Wadadisi peke yao wasingelipata kamwe. Hakuna mhojiwa anayeweza kukumbuka nyuso ngapi za magego yake zimezibwa.

Upungufu mkubwa kuliko wote wa utafiti huu unalihusu kundi hilohilo. Sampuli ilichukuliwa kutoka kaya za kawaida, kwa hiyo waliokuwa wakiishi katika makao ya kutunzia wazee hawakuwamo. Zamani upungufu huo ulikuwa na athari ndogo kwenye picha ya meno, maana wazee wengi wa makao hayo walikuwa vibogoyo na mahitaji yao yalikuwa meno ya bandia yanayokaa vizuri. Mzee wa kizazi cha metali akiingia makaoni anaingia na meno ishirini yaliyozibwa, mikono isiyoshika mswaki vizuri, pengine kumbukumbu inayofifia, na dawa zinazokausha mate. Mate yakikauka, mizizi iliyo wazi huoza haraka. Watu ambao hali yao ingekuwa kipimo cha kweli cha mafanikio ya miaka arobaini waliwekwa nje ya fremu ya sampuli tangu mwanzo, na sioni kwamba ugumu wa kupata ridhaa zao, ambao ni wa kweli, ulitosha kuwa sababu ya kutowatafuta hata kwa sampuli ndogo ya pembeni.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuliza haya yanamhusu vipi. Nchi zetu nyingi hufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ambao hupendekeza kuchunguza watu wa umri maalumu, miaka 5, 12 na 15 kwa watoto na 35 hadi 44 na 65 hadi 74 kwa watu wazima, katika maeneo machache yaliyochaguliwa kuwakilisha miji mikubwa, miji midogo na vijiji. Njia hiyo ni ya gharama nafuu na imewezesha tafiti ambazo vinginevyo zisingefanyika. Kenya ilipofanya utafiti wake wa kwanza wa kitaifa wa afya ya kinywa mwaka 2015, chini ya Wizara ya Afya kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi, ilionekana kwamba takriban watu wazima wote, asilimia 98, walikuwa na ufizi unaotoa damu. Takwimu ya aina hiyo ina ugumu uleule wa asilimia 94 ya Uingereza, ila kwa upande wa pili: kipimo kinachowagusa karibu wote hakiwezi kusaidia kuchagua nani aanze kuhudumiwa. Kina cha mfuko wa ufizi, ambacho hutenganisha anayetoka damu tu na anayekaribia kupoteza jino, ndicho chenye taarifa.

Fomu za Uingereza nazo haziwezi kunakiliwa kama zilivyo. Huko floridi ni kinga inayowafikia watu kwa kiasi kidogo kupitia dawa ya meno, na madoa yanayotokana na kuzidi kwake si suala kubwa kwa watu wazima. Katika Bonde la Ufa na kuzunguka Mlima Meru, ambako visima na chemchemi nyingi zina floridi iliyozidi kwa mbali miligramu 1.5 kwa lita inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, meno ya kahawia ni jambo la kila siku, na katika hali mbaya mifupa pia huathirika. Utafiti wa watu wazima wa Arusha au Nakuru usioweka safu ya floridi kwenye fomu, pamoja na swali la mtu alikunywa maji ya wapi alipokuwa mtoto, utakuwa umeazima macho ya mtu mwingine. Swali hilo la utotoni ni la lazima kwa sababu madoa hutengenezwa jino likiwa bado ndani ya taya, na mtu mzima anayechunguzwa Dar es Salaam anaweza kuwa amebeba maji ya Meru kinywani kwa miaka thelathini.

Mfululizo wa Uingereza wenyewe haukuendelea kama ulivyopangwa. Utafiti uliofuata ulifanyika mwaka 2021, England peke yake, wakati wa janga la Uviko-19, ambapo daktari kuingia nyumba za watu na kuinama juu ya vinywa vyao halikuwa jambo la kufikirika. Dodoso lilijazwa kwa mtandao au kwa karatasi, zaidi ya watu 6,000 walijibu, na ripoti ikatoka Januari 2024. Ilikuwa na taarifa muhimu kuhusu mambo ambayo mtu anaweza kuyasema mwenyewe: maumivu, aibu ya kucheka, gharama, ugumu wa kumpata daktari. Wapo walioichukua kama hatua inayofuata katika mstari wa 1968 hadi 2009, na hapo walikosea, kwa sababu kwa utando, ufizi na kuoza mstari huo haukuwa na nukta mpya. Mtu anayesema ana meno 24 bado hajasema mangapi kati yake yamezibwa, wala mfuko wa ufizi wake una kina gani.

Uchunguzi wa kinywa ulirejeshwa katika utafiti wa 2023. Kwa hiyo kati ya vipimo viwili vya kioo kuna pengo la miaka kumi na minne, na aliyekuwa na umri wa miaka 60 na kinywa kilichojaa metali mwaka 2009 alikuwa na miaka 74 kioo kilipowekwa tena, ikiwa bado alikuwa anaishi katika nyumba yake mwenyewe.